Mmea wa Zambarau Ulioingia Chupani

  Leo hatutazungumzia mahindi wala kahawa. Tutakwenda mbali kidogo, mpaka Japani, tukaufuate mmea mmoja mdogo wa porini ambao mizizi yake iliwavika wafalme, ikaponya vidonda, ikawashughulisha mabingwa wa kemia, na mwisho ikaoteshwa ndani ya matangi ya chuma bila udongo na bila jua. Wakati huohuo mmea wenyewe ulikuwa unatoweka kwenye mbuga zake. Kisa hiki kina mafunzo kwa kila mtu mwenye mti wa dawa au wa rangi mpakani mwa shamba lake.

Sisi tukisema zambarau tunataja tunda. Tukisema rangi ya chungwa tunataja tunda vilevile, na tukisema manjano tunataja kiungo kinachochimbwa ardhini. Wajapani nao wana desturi hiyo. Neno lao la rangi ya zambarau ni murasaki, na murasaki ni jina la mmea. Mabingwa wa mimea huuita Lithospermum erythrorhizon, maana yake ni mmea wenye mbegu ngumu kama jiwe na mzizi mwekundu. Huota Japani, Korea, China na upande wa mashariki wa Urusi, katika mbuga za majani zenye mwanga. Ukiuona hutaushangaa. Urefu wake ni wa gotini au mapajani, majani yana vinyweleo, na maua ni meupe na madogo. Mali yake yote iko chini. Ukiung'oa, mzizi una gamba la rangi ya damu iliyoiva, na vidole vyako vitabaki na doa.

KODI YA MIZIZI

Mwaka 603 serikali ya Japani iliweka ngazi kumi na mbili za vyeo, kila ngazi na kofia ya rangi yake. Kwa mapokeo ya wanahistoria, zambarau ndiyo iliyokaa juu kabisa. Baadaye zambarau iliyokolea ikawa miongoni mwa rangi zilizokatazwa kwa mtu wa kawaida. Mkulima aliruhusiwa kuuchimba mzizi, lakini kuuvaa hakuruhusiwa.

Mahitaji ya ikulu yalikuwa makubwa, kwa hiyo mmea ukaingizwa katika kodi. Kitabu cha hesabu za serikali cha jimbo la Bungo, katika kisiwa cha Kyushu, cha mwaka 737, kinaonyesha kwamba mtawala wa jimbo alizunguka kukagua mashamba ya murasaki. Kitabu cha taratibu za serikali kiitwacho Engishiki, kilichokamilika mwaka 927, kinayataja majimbo yaliyopaswa kupeleka mizizi hiyo, na miongoni mwao ni Musashi na Hitachi. Jimbo la Musashi ndilo lenye mahali ulipo mji wa Tokyo wa leo. Mji huo zamani ukiitwa Edo, na rangi iliyopakwa huko ikajulikana nchi nzima kuwa zambarau ya Edo.

Kwa nini rangi hii ilikuwa ghali? Tazama kazi yenyewe. Mbegu ya murasaki ni ngumu, hutaka kuonja baridi ya majira ya kipupwe ndipo ichipue, na nyingi hazichipui kabisa. Ikishachipua, mzizi hukua polepole, na mmea mchanga hauna rangi ya kutosha. Mavuno nayo ni kuung'oa mmea mzima. Huwezi kuchuma murasaki kama unavyochuma majani ya chai ukarudi wiki ya pili. Ukivuna, umeua.

Baada ya hapo mpaka rangi huloweka mizizi katika maji ya moto yasiyochemka, maana moto ukizidi rangi huharibika na kuwa kijivujivu. Huitwanga, huikamua, na kukichovya kitambaa. Lakini rangi peke yake haishiki sawasawa. Kitambaa lazima pia kichovywe katika maji ya majivu ya mti wa kamelia, kwa sababu majivu hayo yana madini ya alumini yanayoifunga rangi kwenye uzi. Kichovye katika rangi, kichovye katika majivu, urudie tena na tena kwa siku kadhaa. Akina mama wetu wanaosuka mikeka wanaielewa kazi ya namna hii, kwa sababu ukindu nao haukubali rangi kwa kuonyeshwa sufuria tu.

DAWA YA VIDONDA

Mzizi huo ulikuwa pia dawa. Waganga wa China waliutumia tangu zamani, na Wajapani wakajifunza kwao. Aliyeupa sifa kubwa huko Japani ni tabibu Hanaoka Seishu, aliyeishi kati ya 1760 na 1835. Huyu ndiye aliyempasua mgonjwa wa saratani ya titi mwaka 1804 akiwa amemlaza usingizi kwa dawa ya mitishamba, miaka mingi kabla ya madaktari wa Ulaya na Marekani kuanza kutumia etha. Hanaoka alitengeneza pia marhamu ya zambarau iitwayo shiunko. Ndani yake mna mizizi ya murasaki, mizizi ya mmea mwingine wa dawa, mafuta ya ufuta, nta ya nyuki na mafuta ya nguruwe. Hupakwa kwenye majeraha ya moto, michubuko, ngozi iliyopasuka kwa baridi, na bawasiri. Marhamu hiyo inauzwa Japani mpaka leo.

Je, inafanya kazi kweli au ni imani tu? Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Kitu kinacholeta rangi katika mzizi kinaitwa shikonini, na shikonini hiyohiyo ndiyo yenye nguvu za dawa. Katika majaribio ya maabara huzuia baadhi ya vijidudu, wakiwemo wale wanaoleta usaha, hupunguza uvimbe, na husaidia nyama mpya kuota kwenye kidonda. Yaelekea mmea hauitengenezi kwa ajili ya kofia za wakubwa. Huiweka kwenye gamba la mzizi, pale unapogusana na vijidudu vya udongo, na wataalamu wanaona kwamba ni silaha ya kujilinda.

Imeonekana pia kwamba shikonini huua chembe za saratani zilizooteshwa katika vyombo vya maabara. Hapo, ndugu mkulima, tuwe waangalifu. Kuua chembe ndani ya kisahani ni jambo moja, na kumponya mtu ni jambo jingine. Vitu vingi huua chembe ndani ya kisahani, hata sabuni. Isitoshe, mmea huu una sumu za aina inayoweza kudhuru ini zikinywewa kwa wingi au kwa muda mrefu. Kwa hiyo kupakwa kwenye ngozi si ruhusa ya kuchemshwa na kunywewa ovyo.

KIJANA WA LONDON NA MWANAMKE WA SENDAI

Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 mjini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, ile dawa ya malaria, kutokana na vitu vinavyopatikana katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Chupani mwake mlibaki uchafu mweusi, na alipouosha kwa spiriti ukatoa rangi nzuri ya zambarau. Hiyo ndiyo rangi ya kwanza ya kiwandani iliyoingia sokoni kwa wingi. Baada ya mwaka 1868 Japani ilipofungua milango yake wazi kwa biashara ya nje, rangi za viwandani ziliingia katika mitungi na makopo, bei rahisi, bila kusubiri miaka, bila kutwanga wala majivu. Soko la mizizi ya murasaki likaanguka. Mashamba yaliyorithiwa kwa vizazi yakageuzwa kuwa ya mazao mengine.

Lakini mzizi wenyewe ulikuwa bado na siri yake. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Tohoku, katika mji wa Sendai, kiliwakubali wanawake watatu, wa kwanza kuingia chuo kikuu cha namna hiyo nchini Japani. Mmoja wao alikuwa Chika Kuroda. Profesa wake, Riko Majima, alimpa kazi ya kuchunguza rangi ya murasaki. Mwaka 1918 Kuroda alisimama mbele ya wanakemia wenzake akaeleza shikonini imeundwaje. Baadaye alikwenda kusoma Oxford, na huko mwalimu wake alikuwa mtoto wa Perkin, yule aliyeleta zambarau ya kiwandani. Dunia ni duara: mwana wa aliyeiangusha sokoni rangi ya mzizi akamfundisha mwanamke aliyeifumbua siri yake.

Kazi ya Kuroda ina uhusiano na kwetu kuliko unavyodhani. Shikonini iko katika ukoo wa kemikali unaoitwa naftokinoni. Katika ukoo huohuo imo rangi ya hina wanayojipaka mabibi harusi wa pwani. Na tena umo mdaa, kichaka cha nyikani ambacho mizizi yake hutoa rangi ya kusukia ukili na pia hukatwa kuwa miswaki. Bibi aliyechagua mdaa kwa ajili ya rangi na kwa ajili ya meno hakuwa amekosea, kwa maana mara nyingi kinachotia doa ndicho pia kinachozuia vijidudu.

MMEA UNATOWEKA

Katika karne ya ishirini murasaki ilipungua sana. Mbuga za majani ambazo zamani zilikatwa na kuchomwa kila mwaka kwa ajili ya malisho na mbolea ziliachwa zikawa msitu, au zikageuzwa kuwa miji na mashamba. Mmea unaopenda mwanga hauwezi kuishi kwenye kivuli. Wachimbaji wa dawa nao waliendelea kung'oa. Bustanini, mimea mingi ikauawa na ugonjwa wa virusi unaoenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani.

Kisha likaja balaa jingine ambalo wengi hawakulitambua. Mmea wa Ulaya unaofanana sana na murasaki uliingizwa nchini. Mbegu zake huchipua kwa urahisi na mmea wake una nguvu, lakini mzizi wake hauna rangi ya maana. Watu wakaupanda wakidhani ni murasaki, na ukipandwa karibu na murasaki wa asili huzaana nao, kizazi kikawa machotara. Leo murasaki imo katika orodha ya Japani ya mimea iliyo hatarini kutoweka, na kwa muda mrefu Japani imenunua mizizi kutoka China na Korea.

MAABARA YAINGIA

Sasa tuje kwenye chupa. Mwaka 1934 Mmarekani Philip White alifanikiwa kuikuza mizizi ya nyanya ndani ya chupa, katika maji yenye sukari, chumvi za madini na dondoo ya hamira. Mizizi iliendelea kukua bila shina wala jani. Kuanzia hapo mabingwa wa nchi nyingi walijifunza kuotesha vipande vya mimea. Namna yake ni hii. Hukatwa kipande kidogo, husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, huwekwa juu ya jeli itokanayo na mwani iliyochanganywa na chakula na homoni. Kipande hicho huota donge lisilo na umbo, kama kovu linaloota kwenye mti uliojeruhiwa kwa panga.

Profesa Mamoru Tabata na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifanya hivyo kwa murasaki, na mwaka 1974 wakatangaza matokeo yao. Waliona jambo la ajabu kidogo. Madonge mengine yalikuwa meupe na mengine mekundu. Sababu ilikuwa nini? Waliyoyagundua wao na waliowafuata, mkulima atayaelewa bila taabu.

Kwanza ni mwanga. Kwenye mwanga madonge hayakutoa rangi, na gizani yalitoa. Si ajabu, mzizi ni mtu wa gizani. Pili ni homoni. Walipotumia 2,4-D, ambayo mkulima wa mahindi na ngano anaijua kama dawa ya kuua magugu, donge lilinenepa lakini halikutoa rangi. Ilibidi watumie homoni ya asili ya mmea. Tatu ni mbolea. Nitrojeni ikiwa katika hali ya amonia, kama ile iliyomo katika S/A, rangi hukatika. Ikiwa katika hali ya nitreti, rangi hutoka. Kile chakula cha White, kilichotengenezwa kwa ajili ya mizizi ya nyanya, kilikuwa na nitreti bila amonia, na ndicho kilichofaa. Nne, kiasi kidogo cha madini ya shaba kiliongeza rangi.

Tafakari hapo, ndugu mkulima. Chembe zinazopewa chakula cha kunenepa hazitoi rangi, na zinazotoa rangi hazinenepi sana. Hata shambani tunaliona: mbolea ya kukuzia ikizidi, mmea hujaa majani ukasahau kuzaa.

Kampuni ya Mitsui Petrochemical ilitatua tatizo hilo kwa kutumia matangi mawili. Katika tangi la kwanza, la lita 200, chembe zililishwa chakula cha kukuza kwa siku 9. Kisha zilihamishiwa katika tangi la lita 750 lenye chakula cha kutoa rangi, zikakaa siku 14. Jumla ni siku 23. Mzizi wa shambani huhitaji miaka kadhaa ili uwe na shikonini ya asilimia 1 au 2 ya uzito wake mkavu. Chembe za tangini zilifikisha zaidi ya asilimia 10. Mnamo 1983 kazi hiyo ikawa ya biashara, na mwaka 1984 kampuni ya Kanebo ikaanza kuuza rangi ya mdomo iliyotiwa shikonini ya tangini. Hii ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa kitu cha thamani kutoka kwenye chembe za mmea zilizooteshwa kiwandani kufika dukani.

JE, MMEA ULIOKOLEWA?

Hilo ndilo swali kubwa. Jibu lake ni kwamba tangi liliokoa rangi, halikuokoa mmea. Chembe za tangini hazitoi ua, hazitoi mbegu, wala nyuki hazitembelei. Kiwanda hakikuhitaji mbuga wala mkulima. Kilihitaji kipande kimoja cha mmea hai, mara moja. Lakini kipande hicho kilitoka wapi? Kilitoka kwa mmea uliokuwa bado upo. Laiti murasaki ingekwisha kabisa kabla ya 1974, Tabata asingekuwa na kitu cha kuweka chupani. Kilicho cha kwanza ni mmea na mbegu yake. Maabara hufuata.

Ipo njia nyingine ya maabara inayomrudishia mkulima mmea. Badala ya kuotesha donge, huoteshwa kichipukizi. Hukatwa kuwa vijipande, kila kijipande hutoa shina jipya, hutiwa homoni ya kuotesha mizizi, kisha mche hutolewa chupani na kuzoezwa polepole hewa ya nje kabla ya kwenda shambani. Wakulima wa Afrika Mashariki wanaijua njia hii kwa migomba ya chupa, iliyoanza kuwafikia katika miaka ya 1990. Faida yake ni miche mingi isiyo na magonjwa. Upungufu wake ni kwamba miche yote ya mama mmoja ni pacha: ugonjwa unaouweza mmoja unaiweza yote. Kwa sababu hiyo mmea ulio hatarini haulindwi kwa chupa peke yake. Huhitaji pia mbegu zilizokusanywa kwa mama wengi.

Huko Japani kazi hiyo imerudi mikononi mwa watu wa mashambani. Katika Taketa, ndani ya iliyokuwa Bungo, wakulima wameipanda tena murasaki, na wapaka rangi wa jadi wameinunua. Mji wa Higashiomi umeifanya murasaki kuwa ua la mji, na wakazi wake wanaiotesha. Huchagua mbegu za asili, hutenga machotara, hupambana na vidukari, na kuhamisha vitalu. Eneo si kubwa. Lakini mbegu ipo.

MAFUNZO KWETU

Sisi nasi tuna mifano. Msandali, mti wa manukato, uling'olewa kwa mizizi yake katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mpaka Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti katika nchi zetu. Ni hadithi ileile ya murasaki kwa jina jingine. Basi tukumbuke haya.

Kwanza, mti unaouzwa kwa mzizi au gamba haumpi mwenye nao nafasi ya pili. Panda kabla ya kung'oa, na acha mama wa mbegu wasioguswa.

Pili, ijue mbegu yako. Mmea unaofanana si mmea uleule. Ukiletewa mbegu ya mti wa dawa, uliza imetoka kwa mama gani na mahali gani, na usiichanganye na ya kwenu kabla ya kumwona mtaalamu wa kilimo au wa misitu.

Tatu, bei ya mnunuzi si ahadi. Soko la murasaki liliangushwa na chupa ya London ya mwaka 1856, na mnamo 1983 tangi la kiwanda likaonyesha kwamba rangi inaweza kupatikana bila shamba. Panda zao la dawa au rangi pembeni ya chakula, lisichukue nafasi ya chakula.

Nne, maarifa ya wazee yaandikwe. Kila bibi anayejua mdaa unachimbwa mwezi gani na unachemshwa vipi ana elimu ambayo maabara haiwezi kuianza bila yeye. Mkae naye mngali naye, na mkitafutwa na watafiti, kijiji kiulize mapema kitapata nini.

Ndugu mkulima, watu wa Japani walikuwa na rangi ya murasaki tangini wakati mmea wenyewe umeadimika porini. Wengine sasa wanautafuta mbegu kwa mbegu. Wewe bado una msandali kwenye mwamba, mdaa kwenye kichaka, na pengine mti mwingine ambao jina lake analijua babu yako tu. Msimu huu wa mvua, tenga kona ya kitalu uoteshe walau mmoja kati yao.